Gari Jepesi Liko na Gari Lingine Nyuma Yake



Leo siandiki juu ya mbolea wala juu ya viwavi vya mahindi. Niko naandika juu ya motokari za mbio. Najua wengine watauliza: huyu mtu wa agronomia anatafuta nini mu garaji? Ngojeni kidogo. Kazi yangu ya kila siku ni kupima. Napima magunia, napima unyevu, napima mavuno ya shamba. Mwaka jana mudogo wangu alinivuta nimusaidie kupima vitu vyake, na pale nikakosea vibaya kuliko siku zote nimekosea ku kazi. Njo maana naandika.

Mudogo wangu alinunua Toyota Celica ya zamani, milango miwili, iliyoingia kwa Kasumbalesa kama nyingine nyingi za hapa Lubumbashi. Alipoitembeza wiki mbili akanijia: "Mukubwa, iyi motokari iko muzuri, lakini iko muzito. Tutoshe vitu." Alikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika vifaa kimoja kimoja: kiti cha nyuma, pine ya akiba, jeki, mazulia, batri, janti. Mbele ya kila kifaa aliacha nafasi ya kuandika kilo. Alichokosa ni balansi. Mimi niko na balansi. Siku ya Yenga niliiazima ku depo ya mahindi ninakofanyia kazi, tukaipakia, na mchana mzima tukapima.

Orodha za namna hiyo ni maandishi ya aina yake, na zinastahili kusomwa kwa ukali kama vile tunasoma kitabu ao filimu. Wapenzi wa motokari mu inchi nyingi wanazitengeneza. Zote ziko na umbo moja: jina la kifaa, uzito wa kile cha zamani, uzito wa kile kipya, tofauti. Chini kabisa kuna jumla, na jumla njo inafurahisha mtu. Niseme kweli, nilizipenda mara moja. Zinafanana na jedwali za TP zetu: safi, wazi, hakuna maneno mengi. Lakini nilipozisoma kama vile asistanti anasoma TP ya mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, nikaona kuna maswali matatu ambayo nyingi hazijibu. Swali la tatu nililiona nikiwa nimeshachelewa.

Swali la kwanza: ulipima namna gani?

Chukua kilo 100 za mahindi zenye unyevu wa asilimia 20. Ndani yake muko kilo 80 za mahindi yenyewe na kilo 20 za maji. Ukizikausha mpaka unyevu ubaki asilimia 13, balansi itakuonyesha karibu kilo 92. Hakuna mtu aliyeiba kilo nane. Ni maji yamekwenda. Mukulima akileta gunia bichi na mununuzi akalipa kama kavu, mmoja anapoteza. Wakigeuza, mwengine anapoteza. Ugomvi mwingi wa depo unatoka pale, na dawa yake ni moja: kila kilo iandikwe pamoja na hali yake.

Ku motokari ni vile vile. Mtu anaandika "gurudumu, kilo 17". Gurudumu lenye pine ao janti tupu? "Kiti, kilo 14". Pamoja na reli zake za chini ao bila? Ukilinganisha kiti cha kiwanda kilichopimwa na reli na kiti cha mbio kilichopimwa bila reli, tofauti utakayopata ni uongo wenye tarakimu. Hata uzito wa gari zima uko hivyo. Kanuni ya Ulaya ya gari lililo tayari kutembea inahesabu dereva wa kilo 75 na tanki yenye asilimia 90 ya mafuta. Watengenezaji wengine wanatangaza uzito mkavu: bila oili, bila maji ya radiateri, bila esansi. Lita moja ya esansi iko na uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo tanki ya lita 50 ikijaa inabeba karibu kilo 37. Ongeza dereva juu yake. Magari mawili yanaweza kutofautiana kilo 100 na zaidi kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyefungua hata bolti moja.

Na dereva mwenyewe? Yeye hasahauliwi na injini. Tuchukue mfano maarufu, Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoonyeshwa Paris mu mwaka wa 1972. Ile ya michezo ilikuwa na kilo 960. Ndugu yake, iliyoitwa Touring, ilikuwa na kilo 1,075. Injini ni moja, nguvu ya farasi 210. Tofauti ni kilo 115. Ukigawanya bila kufikiri unapata karibu asilimia 11. Lakini gari haliendi peke yake. Weka dereva wa kilo 75 mu kila moja: 1,035 na 1,150. Faida ni asilimia 10 kamili. Weka na rafiki pembeni yake, faida inashuka tena. Si tofauti kubwa, lakini orodha isiyohesabu mtu imeanza kukosea tangu mustari wa kwanza.

Swali la pili: kilo hiyo inakaa wapi?

Sisi wa mashamba tunalijua jambo hili kwa urea. Ukiimwaga juu ya udongo na kuiacha, sehemu yake inapotea mu hewa. Ukiifukia karibu na mizizi, mumea unaila. Mufuko ni ule ule, kilo ni zile zile, mavuno si yale yale.

Kilo ya pine inafanya kazi mbili: inasukumwa mbele pamoja na gari, na inazungushwa. Ile iliyo ku ukingo wa nje kabisa, pale pine inagusa barabara, inahesabika karibu kama kilo mbili wakati wa kuongeza mwendo ao kupiga freni. Ile iliyo karibu na katikati ya gurudumu inazidi moja kwa kidogo tu. Kuna watu wanapenda kusema kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo kumi za bodi. Apana. Kwa kuongeza mwendo, hesabu hazifiki pale. Faida nyingine ya gurudumu jepesi iko pengine: gurudumu halibebwi na supringi, kwa hiyo likiwa jepesi linafuata matuta ya barabara haraka na pine inabaki imeshika chini. Hiyo ni faida ya kweli, lakini si ya kuandikwa mu safu ya kilo. Na kwetu huku, orodha iongeze safu ya mashimo. Janti nyembamba iliyotengenezwa kwa barabara laini ya mashindano itafanya nini mvua za mwezi wa kwanza zikishachimba barabara zetu?

Kimo pia kinahesabika. BMW walipotoa M3 CSL mu 2003, paa la chuma waliliacha, wakaweka la fiberi ya kaboni. Paa lile liliokoa karibu kilo 6 tu, ku gari la kilo karibu 1,385. Mtu anayesoma jumla peke yake atacheka: kilo 6! Lakini kilo zile zilikuwa juu kabisa, pahali ambapo uzito unavuta gari kuinama likikata kona. Mule mule, kilo 6 zikitolewa chini ya sakafu, kona isingezisikia vile. Mazda nao, walipotengeneza MX-5 ya kizazi cha tatu iliyotoka mu 2005, walihesabu mpaka gramu. Kioo cha ndani cha kuangalilia nyuma peke yake kilipungua gramu 84. Gramu 84 ni kidogo kuliko yai mbili. Ila mtu anayekaa kuhesabu gramu 84 ameshapitia kila kifaa kingine na kukiuliza swali. Faida kubwa iko mu tabia ile, kioo ni ushahidi wake tu.

Swali la tatu: kifaa kilikuwa kinafanya kazi gani?

Hapa ndipo orodha nyingi zinanyamaza, na ya kwetu ilinyamaza pia.

Turudi ku ile RS ya michezo. Porsche walitosha nini? Viti vya nyuma. Saa. Mazulia mazito. Kizuizi cha jua cha upande wa abiria. Kifuniko cha kisanduku cha mbele. Vishikio vya milango vikawa mikanda ya kuvuta. Vioo vikawa vyembamba, mabati ya sehemu fulani pia. Hata nembo ya chuma ya pale mbele iliwekewa karatasi ya kubandika. Ukisoma orodha hiyo unaona kila kitu kilikuwa na kazi: kiti kinabeba mtoto, zulia linazuia kelele, kizuizi kinalinda macho ya yule anayekaa pembeni. Angalieni vizuri: karibu kila kilicholiwa kilikuwa cha mtu mwengine. Dereva amebakizwa na kila anachohitaji. Abiria njo alilipa.

Porsche hao hao walikuwa wameshafika mbali zaidi ku magari ya mashindano. Mu 917 yao, kitasa cha gia kilikuwa cha mti wa balsa, mti mwepesi ambao watoto wanatengenezea ndege za kuchezea. Shasi ilikuwa ya mabomba ya alumini yaliyojazwa hewa ya kukandamizwa, ili bomba likipasuka, hewa ipungue na ufa ujulikane. Na gari lililoshinda masaa 24 ya Le Mans mu 1971, likiendeshwa na Helmut Marko na Gijs van Lennep, shasi yake ilikuwa ya magnezi. Wale waliofanya shimi wanakumbuka utepe wa magnezi unavyowaka mu laboratware. Pale kilo zilitolewa ku usalama wa dereva mwenyewe. Yalikuwa mashindano, na kazi ya mashindano ni kushinda. Sihukumu kwa upesi. Lakini uzito ule haukupotea. Uligeuka kuwa hatari, na watu wawili waliibeba kwa siku moja nzima.

Sasa niseme yetu.

Ile siku ya Yenga tulitosha kiti cha nyuma chote, mikanda miwili ya usalama ya nyuma pamoja na vifungo vyake, pine ya akiba, jeki, mazulia na yale manyoya yanayozuia kelele chini yake. Jumla: kilo 58. Mimi njo niliyepima, mimi njo niliyeandika. Nilikuwa najivuna juu ya usahihi wangu. Kila kifaa nilikipima mara tatu na kuchukua wastani, kama tulivyofundishwa. Mikanda ile miwili haikufika hata kilo 3. Niliandika tarakimu yake na desimali moja, nikapiga mustari chini.

Ku motokari ya tani moja na kidogo, ukiweka na dereva, kilo 58 ni karibu asilimia 5. Ni chini ya abiria mmoja mtu mzima. Mudogo wangu aliapa anasikia tofauti. Pengine alisikia: kelele zilikuwa nyingi, na kelele zinafanya mtu afikiri anakimbia.

Miezi miwili kisha, ndugu yetu mwanamuke alihitaji kufika Likasi na mtoto wake wa miaka mine. Basi zilikuwa zimeshaondoka. Mu familia yetu motokari ni moja, ile ile. Wakaweka godoro dogo la musi pale nyuma, dada akakaa, mtoto ku mapaja. Njiani lori ya mchanga ikaingia barabarani bila kuangalia. Mudogo wangu akapiga freni, na freni zilishika vizuri, gari ilikuwa nyepesi kweli. Mtoto akaruka, akagonga uso ku chuma cha nyuma cha kiti cha mbele. Alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho, ku dispansere ya njiani. Nyuzi tatu. Mungu alitusaidia.

Dada aliporudi hakugombana na mudogo wetu. Alikuja kwangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya, ile mikanda ilikuwa na kilo ngapi?" Nilijua jibu mpaka desimali. Sikuweza kulisema.

Njo maana sasa nikiangalia orodha ya kilo natafuta safu ya tano: kazi ya kifaa na mtu anayeihitaji. Orodha isiyo na safu ile inaweza kuwa na vipimo sahihi kabisa na bado ikawa kazi mbaya. Yetu ilikuwa na vipimo sahihi.

Je, kuna namna nzuri ya kupunguza uzito?

Iko. Na kuielewa, tulinganishe RS na gari lingine, Lotus Elise, ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mu 1996. Lotus ni kiwanda cha Colin Chapman, mtu aliyejenga jina lake juu ya wepesi. Yeye alikufa mu 1982, lakini shule yake ilibaki. Elise ya kwanza ilikuwa na kilo karibu 725. Shasi yake, mifupa yote ya gari, ilikuwa na kilo 68. Wazeni: mtu mzima mwembamba anaweza kuwa na kilo zile. Ilitengenezwa kwa vipande virefu vya alumini, vilivyounganishwa kwa gundi ya kiwandani pahali pa kuchomelea. Bodi ilikuwa ya fiberi ya kioo. Injini, farasi 118 tu.

Tofauti kati ya magari haya mawili, mimi naiona kwa macho ya shamba. RS ilipogolewa: walikuwa na muti mukubwa, wakakata matawi. Elise ilichaguliwa tangu mbegu. Hawakuwa na zulia la kutosha, sababu hawakupanga zulia. Alumini ya shasi yenyewe njo ilikuwa sakafu unayoiona. Boriti za pembeni zilifanywa ndefu kwenda juu ili shasi iwe ngumu bila kuongeza vipande vingine, na zile zile ndizo kuta za pahali pa kukaa. Kipande kimoja, kazi mbili. Na wepesi unazaa wepesi: gari likiwa na kilo 725, freni ndogo zinatosha, pine nyembamba zinatosha, injini ndogo inatosha, na kila kimoja kati ya hivyo kinapunguza tena. Ukigeuza, uzito nao unazaa uzito. Kwa hiyo mu orodha ya Elise hakuna safu ya "kilichotolewa". Vitu vingi havikuwekwa, na vilivyowekwa vilifanya kazi zaidi ya moja.

Kama ningekuwa natoa pointi, Elise inashinda RS kwa kazi ya akili. Kukata ni rahisi, hata mimi na mudogo wangu tuliweza mchana mmoja. Kupanga tangu mwanzo njo elimu.

Lakini nisiifanye Elise kuwa mutakatifu. Boriti zake ndefu zinafanya kuingia na kutoka kuwe mazoezi ya viungo. Iko na viti viwili. Mizigo, mfuko mmoja na mwengine mudogo. Na hata yenyewe ilinenepa: ile iliyopewa injini ya Toyota ya farasi 190 hivi, injini iliyokuwa pia mu Celica yenye nguvu zaidi (si ile ya mudogo wangu, yake ni ya kawaida), ilifika karibu kilo 860. Wanunuzi walitaka nguvu, freni za kisasa, raha kidogo. Wakapewa.

Na RS je? Hapa kuna hesabu ninayoipenda kuliko zote. Zilitengenezwa RS 1,580. Kati yake, za michezo, zile za kilo 960 ambazo vitabu vinazisifu, zilikuwa 200. Touring, zile zilizorudishiwa viti, mazulia na raha, zilikuwa 1,308. Zilizobaki zilikuwa za mashindano na chache za kupimishia kwa serikali. Yaani gari lililotengenezwa liwe jepesi, wanunuzi wengi walilipa zaidi ili wenye kiwanda wawarudishie uzito. Watu wengine wanasoma tarakimu hiyo na kucheka: matajiri hawajui wanachotaka. Mimi siku hizi naisoma kinyume. Wale 1,308 walipanga kuishi na gari lao: kubeba mtu, kusafiri, kusikilizana njiani. Walijua kila kilo ile inafanya kazi gani.

Na wale 200? Gari la kilo 960 lisilo na kiti cha nyuma ni gari zuri kwa mtu ambaye mtoto wake anabebwa na gari lingine. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna orodha inaliandika. Gari jepesi la mbio liko jepesi kwa sababu mahali fulani kuna gari lingine zito linalobeba pine ya akiba, jeki, mikanda, watoto na mifuko ya bunga. Uzito haukutoka mu maisha ya mwenye gari. Ulihamia gari la pili. Mudogo wangu hakuwa na gari la pili. Sisi tulinakili orodha ya watu wenye magari mawili, tukaiweka juu ya gari moja la familia nzima.

Kuna na mfano mmoja ambao unatugusa sisi wa Katanga. Mu 2008 Tesla walianza kuuza gari lao la kwanza, Roadster, la umeme, na walilijenga kwa msingi wa Elise. Betri yake ilikuwa na seli 6,831 na uzito wa karibu kilo 450. Elise ya kilo 725, mutoto wake akazidi kilo 1,200. Watengenezaji walipunguza pengine, bodi wakaifanya ya fiberi ya kaboni, lakini betri haikubali kubembelezwa. Seli za aina ile zilitumia kobalti, na munajua kobalti ya dunia inachimbwa zaidi wapi: ni kwetu, upande wa Kolwezi. Gari lile halitoi moshi mu barabara ya California. Lakini mimi nikiona orodha inayosema "moshi: sifuri", nauliza swali langu la tatu: kazi ile ya moshi sasa inafanywa na nani, na uzito wake unabebwa wapi? Sisemi gari la umeme ni baya. Nasema orodha bado iko na safu moja inayokosekana, na tarakimu za safu ile zinaweza kuandikwa na watu wa huku, watu kama sisi tulio na lisansi na balansi.

Nimalizie mu garaji. Mikanda ya nyuma tuliirudisha wiki ile ile, na kiti, na pine ya akiba na jeki. Kilo 50 na zaidi zimerudi mu motokari. Mazulia hatukuyarudisha, kelele hazimuumizi mtu na mudogo wangu anazipenda. Janti nyepesi bado anaziota, na nikikubaliana naye juu ya mashimo ya barabara, pengine nitamusaidia kuzipima. Bila pine kwanza, kisha na pine, na tutaandika zote mbili.

Karatasi ya zamani iko imebandikwa ku ukuta. Tumeongeza safu kwa kalamu nyekundu. Mbele ya mikanda, pale nilipoandika tarakimu yangu yenye desimali moja, dada aliandika jina la mtoto wake.

Musalimiane wote, na tuendelee na kazi.